Kwa Nini Kasi ya Programu za Sataranji Hubadilika Kadiri Mchezo Unavyosonga

Mei 1997, jijini New York, kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Kati ya yote yaliyoandikwa kuhusu mechi ile, namba moja ilikaa vichwani mwa watu: kompyuta iliyochunguza hali milioni 200 za ubao kila sekunde. Mwaka 2002 wahandisi walioiunda, Murray Campbell, Joseph Hoane na Feng-hsiung Hsu, walichapisha maelezo ya kina ya kazi yao, na humo namba ile moja ikawa namba kadhaa. Katika hali zenye mapigano makali, zenye mfululizo mrefu wa hatua za kulazimishana, kasi ilikuwa kama milioni 100 kwa sekunde. Katika hali tulivu ilikaribia milioni 200. Wastani wa mechi nzima, kwa upekuzi uliozidi dakika moja, ulikuwa milioni 126. Kilele kilichodumu kwa muda kilifika milioni 330.

Mashine ilikuwa ile ile, chipu zile zile 480, mpinzani yule yule. Kilichobadilika ni kilichokuwa ubaoni, nacho kilitosha kuipandisha kasi zaidi ya mara tatu. Leo yeyote mwenye simu anaweza kuliona jambo hilo kwa macho yake. Fungua programu ya uchambuzi, pitia mchezo mmoja tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na utazame ile namba ya hali kwa sekunde. Haitulii. Mara nyingi huanza chini, huyumba katikati, kisha hupanda kete zinapopungua.

Wengi huisoma namba hiyo kama kipimo cha akili ya programu, kana kwamba ikipanda, programu imeanza kufikiri vizuri zaidi. Kusoma hivyo kunapotosha. Kasi inatueleza gharama ya kuchunguza hali moja, nayo gharama hiyo inaamuliwa na ubao. Ubora wa jibu unatoka kwingine: katika umbo la mti unaopekuliwa, na katika kiasi cha kazi ambayo programu imeweza kuiepuka. Mambo haya mawili yakichanganywa, mtu huiamini programu pale inapostahili kutiliwa shaka, na kuitilia shaka pale inapofanya kazi yake ngumu kuliko zote.

Namba hii inahesabu nini

Programu ya sataranji hujenga mti. Shina ni hali iliyopo ubaoni. Kila hatua halali huzaa tawi, kila tawi huzaa matawi ya majibu ya mpinzani, na kadhalika. Kila mara programu inapoicheza hatua ndani ya kumbukumbu yake na kujikuta katika hali mpya, huongeza moja kwenye hesabu. Jumla hiyo ikigawanywa kwa muda uliotumika, tunapata hali kwa sekunde.

Ndani ya kila hali kuna kazi ya kufanya. Programu huorodhesha hatua zinazowezekana, huzipanga ili zenye dalili njema zitangulie, huangalia kama hali hiyo imeshachunguzwa kwa njia nyingine, na mwisho wa tawi hukadiria upande gani una nafuu. Chukua kiini kimoja cha prosesa kinachopiga mizunguko bilioni 3 kwa sekunde. Programu ikichunguza hali milioni moja kwa sekunde kwenye kiini hicho, kila hali imepewa mizunguko 3,000 tu. Kutafuta taarifa moja ambayo haipo katika kumbukumbu ya karibu ya prosesa, hadi ifuatwe kwenye kumbukumbu kuu, kunaweza kula mizunguko kama 300, yaani sehemu moja ya kumi ya bajeti yote. Kwa bajeti finyu namna hii, kila kinachopunguza au kuongeza kazi ndani ya hali moja huonekana mara moja kwenye kasi.

Tena, programu hazihesabu kwa namna moja. Ipo inayohesabu hali mara tu inapoifikia, na ipo inayosubiri kuhakikisha kwamba hatua ilikuwa halali. Kwa hiyo kulinganisha kasi ya programu mbili tofauti hakuna maana kubwa. Linalofaa ni kuilinganisha programu na nafsi yake, kutoka awamu moja ya mchezo hadi nyingine.

Mwanzo: kete nyingi, nafasi ndogo

Katika hatua za kwanza kabisa programu nyingi za mashindano hazipekui chochote. Hucheza kutoka kitabu cha ufunguzi, yaani hazina ya hatua zilizoandaliwa mapema. Upekuzi huanza pale kitabu kinapoishia, na hapo programu hukutana na ubao uliojaa.

Kwenye hali ya kuanzia kuna hatua 20 halali. Baada ya kila upande kucheza mara moja kuna njia 400. Hatua ya tatu inafikisha njia 8,902, ya nne 197,281, ya tano 4,865,609, na ya sita 119,060,324. Hesabu hizi zinajulikana kwa uhakika, na waandishi wa programu huzitumia kuthibitisha kwamba programu zao zinazijua kanuni za mchezo sawasawa. Zinaonyesha jambo lingine pia: kadiri askari wanavyosogea na kete kupata njia, matawi huongezeka. Ufunguzi ni awamu ambayo ubao una kete nyingi kuliko wakati mwingine wowote, ila bado zinazibana zenyewe.

Kete nyingi maana yake ni tathmini ghali. Programu za kizazi cha zamani zilikadiria hali kwa kanuni zilizoandikwa kwa mkono: thamani ya kila kete, usalama wa mfalme, umbo la safu ya askari, idadi ya miraba inayofikiwa na kila askofu au ngome. Kete 32 zikiwapo, orodha hiyo yote inapitiwa. Ndiyo maana kasi ya mapema huwa ya chini.

Kulikuwa na wakati ambapo tofauti hii ya awamu haikuonekana. Mwaka 1957 Alex Bernstein na wenzake waliandika programu kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704. Ilichagua hatua 7 zilizoonekana za maana katika kila hali, ikatazama mbele hatua 4, mbili za kila upande, na kutumia takriban dakika 8 kwa kila uamuzi. 7 kwa 7 kwa 7 kwa 7 ni hali 2,401 mwishoni mwa matawi, ambazo kwa dakika 8 ni kama 5 kwa sekunde. Kwa kuwa matawi yaliwekewa kikomo cha 7, mti ulibaki na ukubwa karibu ule ule ubao ukijaa au ukipungua. Claude Shannon, katika makala yake ya mwaka 1950 iliyoweka msingi wa fani hii, alikuwa ameshazieleza njia mbili: kupekua kila hatua, au kupekua zile chache zinazoonekana kufaa. Njia ya kupekua kila hatua iliposhika nafasi katika miaka ya 1970, ndipo mabadiliko ya ubao yalipoanza kuonekana wazi kwenye kasi.

Katikati: awamu inayoilemea mashine

Katikati ya mchezo idadi ya hatua halali huwa kama 35 kwa wastani. Malkia aliye katikati ya ubao mtupu ana miraba 27 ya kwenda, ngome 14, askofu 13, farasi na mfalme 8 kila mmoja. Mistari inapofunguka na kete nzito zikiwa bado hai, kuorodhesha na kupanga hatua huwa kazi kubwa.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hupotea. Programu hutumia mbinu ya kupogoa iitwayo alfa-beta: jibu moja likishatosha kuonyesha kwamba tawi fulani ni baya, majibu mengine ya tawi hilo hayachunguzwi. Hatua 35 huorodheshwa, moja huchezwa, 34 hutupwa. Ndiyo sababu programu nzuri hazitoi orodha yote kwa mkupuo. Hujaribu kwanza hatua iliyohifadhiwa kutoka upekuzi uliopita, kisha hatua za kula kete, na hatua tulivu hubaki za mwisho. Hata hivyo, pale ambapo hakuna jibu la haraka, orodha nzima lazima ipitiwe.

Kuna pia hali ambazo haziwezi kukadiriwa zikiwa bado kwenye moto. Ikiwa malkia ameshambuliwa na zamu ya kula imefika, kukadiria papo hapo kutaleta jibu la uongo. Kwa hiyo mwisho wa kila tawi programu huendelea na upekuzi mdogo wa kula na kuliwa hadi ubao utulie. Katikati ya mchezo, kete zikiwa zimekabana, upekuzi huu mdogo humeza sehemu kubwa ya hesabu yote.

Hapa ndipo namba za Deep Blue zinapoeleweka. Hali za mapigano zilipunguza kasi yake kwa sababu mfululizo wa kulazimishana ni njia nyembamba: cheki, jibu moja, cheki nyingine, jibu moja. Kazi ya namna hiyo ni vigumu kuigawa kwa chipu 480. Chipu nyingi hukaa zikisubiri. Hali tulivu, yenye matawi mapana, hugawanyika kwa urahisi, na chipu zote hupata la kufanya. Kwa mashine ile, basi, kasi ilishuka pale pale ambapo mchezo ulikuwa unaamuliwa. Anayesema kasi ndogo ni fikra ndogo atafakari hilo: dakika za hatari kubwa kwa Kasparov zilikuwa pia dakika ambazo Deep Blue ilihesabu taratibu kuliko kawaida yake.

Mwisho: kasi inapanda, ila si hapo penye siri

Malkia wakishabadilishana na kete kuondoka moja baada ya nyingine, gharama ya hali moja inashuka kwa pande zote. Hatua za kuorodhesha ni chache. Tathmini ina kete chache za kupitia. Upekuzi wa kula na kuliwa ni mfupi kwa kuwa hakuna cha kula. Taarifa zinazohitajika ni chache, na zinarudiwarudiwa, kwa hiyo hukaa katika kumbukumbu ya karibu ya prosesa badala ya kufuatwa mbali. Kasi kupanda mara mbili katika awamu hii si jambo la ajabu.

Lakini mtazamaji huona pia kwamba kina cha upekuzi, yaani idadi ya hatua zinazotazamwa mbele, kimeongezeka sana, na hapo huhitimisha kwamba kasi ndiyo iliyokiongeza. Hesabu inakataa.

Mwaka 1975 Donald Knuth na Ronald Moore walichapisha uchambuzi wao wa alfa-beta, wakionyesha kiasi kidogo kabisa cha kazi ambacho mbinu hiyo inaweza kufikia, hatua zikiwa zimepangwa vizuri kikamilifu. Kwa kina cha hatua 8 na matawi 36 katika kila hali, miisho isiyoepukika ni 3,359,231. Kwa kina kile kile na matawi 9 tu, kama inavyotokea mfalme na askari wachache wakibaki, miisho ni 13,121. Tofauti ni mara 256. Kasi iliyoongezeka mara mbili ni kitu kidogo mbele ya mti uliopungua mara 256.

Tuitazame kwa upande mwingine. Kazi inayotosha kufika hatua 8 katika mti wa matawi 36 inatosha kufika hatua 12 na ushee katika mti wa matawi 9, kwa kasi isiyobadilika hata kidogo. Na kwenye mti wa matawi 36, ukiipa programu mashine yenye kasi mara mbili, itapata chini ya nusu ya hatua moja ya ziada. Programu za leo hupogoa kwa ukali kuliko alfa-beta tupu, kwa hiyo namba zao ni nyingine, lakini mwelekeo ni huo huo: wembamba wa mti ndio unaozaa kina, na kasi ni mchango mdogo juu yake.

Uchache wa kete nao usichukuliwe kuwa ndio unaoamua kila kitu. Mwisho wenye malkia kwa kila upande una kete chache sana, lakini kila malkia ana miraba mingi, na cheki haziishi. Mti wake ni mpana, na kina hupanda kwa shida. Mwisho wa askari una tabia yake pia. Ubao wenyewe ni mwembamba, lakini ndani ya mti askari wanafika ukingoni na kugeuka malkia, na tawi lililoanza na hatua 6 linajikuta lina 30. Tena, mbinu moja kubwa ya kupogoa, ile ya kumpa mpinzani hatua mbili mfululizo ili kuona kama bado hawezi kudhuru, huzimwa upande mmoja unapobaki na mfalme na askari tu. Huzimwa kwa sababu katika mwisho wa askari hutokea hali ambapo kulazimika kucheza ndiyo balaa yenyewe, na mbinu hiyo ingeipofusha programu. Kwa hiyo kuna ushuru unaolipwa mwishoni mwa mchezo ambao namba ya kasi haiuonyeshi.

Hali moja inayohesabiwa mara elfu

Mfano unaopendwa na waandishi wa programu ni hali namba 70 katika kitabu cha Reuben Fine kuhusu miisho ya mchezo, Basic Chess Endings, cha mwaka 1941. Hali yenyewe ni ya mwaka 1901 na inahusishwa na Emanuel Lasker na Gustavus Reichhelm. Mweupe ana mfalme a1 na askari a4, d4, d5 na f4. Mweusi ana mfalme a7 na askari a5, d6 na f5. Askari wote wamefungana, hakuna anayeweza kusogea. Wanaotembea ni wafalme wawili tu. Hatua pekee inayoshinda ni mfalme kwenda b1, lakini sababu ya ushindi iko mbali sana mbele.

Kwa programu inayopekua bila kukumbuka, hali hii haitatuliki kwa muda wa kawaida. Tuseme kila mfalme ana hatua 5 kwa wastani: hatua 26 mbele ni zaidi ya njia bilioni bilioni moja. Na bado, maadamu hakuna askari aliyeliwa, hali tofauti zinazoweza kutokea hazifiki 8,192, kwa sababu kuna miraba 64 kwa mfalme mmoja, 64 kwa mwingine, na zamu ya pande mbili. Mabilioni yale yote ya njia ni hali zile zile chache zinazofikiwa kwa mpangilio tofauti.

Dawa yake ni jedwali la kumbukumbu. Kila hali hupewa namba yake ya utambulisho, kwa njia aliyoieleza Albert Zobrist mwaka 1970, na matokeo ya uchunguzi wake huhifadhiwa. Hali ikitokea tena, programu huchukua jibu lililopo na kuendelea. Kwa jedwali hilo programu huweza kulimaliza swali la Fine kwa muda mfupi mno. Na hapo namba ya kasi hupaa, kwa kuwa hali iliyojibiwa na jedwali inahesabiwa kama nyingine zote lakini karibu haina kazi ndani yake. Ni kama mlinzi wa lango anayeandika kila anayeingia: mtu mmoja akiingia na kutoka mara mia, daftari litaonyesha wageni mia.

Suala hilo la marudio linagusa pia kompyuta zenye viini vingi. Programu nyingi za leo huviacha viini vyote vipekue mti mmoja huku vikigawana jedwali moja. Mti ukiwa mpana, kila kiini hukuta pembe yake. Mti ukiwa mwembamba, viini hurudia kazi ya wenzao, na jumla ya hali kwa sekunde hupanda bila maarifa mapya kupatikana. Ikitokea sare au ushindi umeonekana wazi, programu kama Stockfish huweza kuruka hadi kikomo cha kina inachoruhusiwa kuonyesha, 245, kwa kupepesa macho. Namba hiyo haimaanishi kwamba hatua 245 zimefikiriwa. Inamaanisha kwamba swali limekwisha.

Pale maktaba inapochukua nafasi ya upekuzi

Kuna jambo moja linaloweza kuiangusha kasi mwishoni mwa mchezo badala ya kuipandisha. Kwa hali zenye kete chache, majibu kamili yameshahesabiwa. Ken Thompson wa Bell Labs alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kazi hii. Mwaka 2012 kazi ya kete 7 ilikamilika kwenye kompyuta kubwa Lomonosov ya Chuo Kikuu cha Moscow, ikichukua takriban terabaiti 140. Mwaka 2013 Ronald de Man alitoa maktaba ya Syzygy, iliyobanwa vizuri zaidi: hadi kete 5 inachukua kama gigabaiti 1, hadi kete 6 kama gigabaiti 150, na kete 7, zilizokamilika mwaka 2018, kama terabaiti 17.

Maktaba hizi hukaa kwenye diski. Diski ya kuzunguka huhitaji kama milisekunde 10 kufikia sehemu mpya, na katika muda huo programu yenye kasi ya milioni moja ingechunguza hali 10,000. Diski za kisasa zisizozunguka zimepunguza hasara hiyo sana, lakini haijaisha. Mtazamaji ataona kasi ikianguka ghafla kete zinapofika 7 au 6 ndani ya mti, hata kama ubaoni bado ziko 9. Akidhani programu imezidiwa, atakuwa amekosea kabisa. Kila swali lililopelekwa kwenye maktaba limerudi na jibu lisilo na shaka, na tawi lililokuwa liendelee kwa mamilioni ya hali limefungwa. Hapa kasi ndogo na ukweli kamili vinakwenda pamoja.

Mitandao ya neva yabadili mchoro

Septemba 2020 Stockfish toleo la 12 lilileta mabadiliko makubwa. Badala ya kutegemea kanuni za mkono peke yake, lilianza kutumia mtandao mdogo wa neva uliobuniwa kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani, na Yu Nasu mwaka 2018. Kasi ilishuka kwa kiasi kikubwa, na nguvu ya mchezo ikapanda kwa kiasi kikubwa.

Ujanja wa mtandao huo umo katika safu yake ya kwanza. Katika umbo lake la awali ilipokea taarifa 41,024 zinazowezekana kwa kila upande, kila moja ikieleza kete fulani katika mraba fulani ikilinganishwa na mahali alipo mfalme. Katika hali yoyote zilizo hai haziwezi kuzidi 30, na hatua ya kawaida hubadilisha mbili au tatu tu. Kwa hiyo programu haianzi upya, hurekebisha kidogo. Mfalme akisogea, upande wake lazima uhesabiwe upya wote. Mtu angetarajia mwisho wa mchezo, ambapo wafalme hutembea sana, uwe mzigo. Lakini hapo kete zilizobaki ni chache, na kuhesabu upya ni rahisi. Nazo safu zinazofuata hugharimu sawa, kete ziwe 30 au 3. Matokeo yake, mteremko wa gharama kutoka mwanzo hadi mwisho umekuwa mdogo kuliko wa programu za kanuni.

Mwaka 2024 Stockfish 16.1 liliongeza mtandao wa pili, mdogo zaidi, kwa ajili ya hali ambazo upande mmoja umeshaelemea. Tangu hapo kasi hutegemea pia usawa wa mchezo: kadiri upande mmoja unavyokuwa umepoteza kete zaidi, ndivyo mtandao mdogo unavyoitwa mara nyingi na namba inavyopanda. Kasi ya juu inaweza kuwa inatangaza tu kwamba hakuna tena cha kubishania.

Leela Chess Zero, programu huria iliyofuata nyayo za programu nyingine ya mtandao wa neva, AlphaZero, iko mbali zaidi katika njia hiyo. Mtandao wake mkubwa huutazama ubao mzima kila mara, na gharama ya kuutazama ni ile ile kwa kete 32 na kwa kete 5. Kasi yake ikipanda mwishoni, chanzo si uchache wa kete. Ni kwa kuwa hali nyingi zimeshahifadhiwa, au zimefika kwenye sare na ushindi wa wazi usiohitaji mtandao.

Kasi na nguvu

Je, kasi haina maana basi? Inayo, na historia inashuhudia. Belle ya Ken Thompson na Joe Condon, ikichunguza kama hali 160,000 kwa sekunde, ilikuwa mwaka 1983 mashine ya kwanza kupata hadhi ya umahiri katika shirikisho la Marekani. Deep Thought ilifika kama 700,000 mwishoni mwa muongo huo na kuanza kuwashinda mabingwa wakubwa. Mapema miaka ya 1980 Thompson aliishindanisha Belle na Belle kwa vina tofauti, akaona kwamba kila hatua ya ziada ilileta kama pointi 200 za ubora katika vina vya chini, na kwamba faida hupungua kina kinapoongezeka.

Ila ushahidi wa upande wa pili una uzito wake. Katika makala ya AlphaZero iliyochapishwa mwaka 2018, programu hiyo ilichunguza kama hali 60,000 kwa sekunde, na Stockfish ya wakati ule kama milioni 60. Katika michezo 1,000, AlphaZero ilishinda 155 na kupoteza 6. Pengo la mara elfu katika kasi lilizibwa na ubora wa kila tathmini. Stockfish yenyewe ililipokea somo hilo: miaka miwili baadaye ilikubali kuwa taratibu ili iwe na nguvu.

Wanaoiendeleza Stockfish wanajua wazi namba ipi itumike wapi. Kupima kasi, hutumia jaribio maalumu lenye hali kama 50 kutoka awamu mbalimbali, kwa kina kile kile, ili ufunguzi wala mwisho usitawale matokeo. Kupima nguvu, hawaitazami kasi kabisa. Huchezesha toleo jipya na la zamani maelfu ya michezo kwa mfumo wa Fishtest, unaofanya kazi tangu mwaka 2013, na matokeo ya ubaoni ndiyo yanayoamua.

Mchezaji wa kawaida anaweza kuiga busara hiyo. Ukitaka kujua kama simu au kompyuta yako ina kasi, pima kwa hali ile ile kila mara, na uipe programu muda, kwa sababu sekunde za kwanza hudanganya na joto la kifaa hushusha kasi baadaye. Ukitaka kujua kama jibu linaaminika, tazama kama hatua iliyopendekezwa inadumu kina kinapoongezeka, na kama tathmini imetulia. Katikati ya mchezo, kasi ikishuka na tathmini ikiyumba, ongeza muda: hapo ndipo programu inapofanya kazi nzito. Mwishoni, namba zikipaa, uliza kwanza kama maktaba ya miisho imeunganishwa, maana hali moja iliyojibiwa na maktaba ina thamani kuliko mamilioni yaliyohesabiwa kwa haraka.

Tangu Bernstein na hali zake 5 kwa sekunde hadi Deep Blue na milioni zake 330, kasi imeongezeka kwa mamilioni. Sehemu ya ongezeko hilo imeletwa na mashine. Lakini maendeleo yaliyogeuza mchezo huu, kupogoa, kukumbuka, kuhifadhi majibu kamili na kukadiria kwa mtandao uliojifunza, yote yalilenga kuchunguza hali chache zaidi au kuzielewa vizuri zaidi. Programu bora ya sataranji ni ile inayojua hali zipi hazihitaji kuchunguzwa, na ujuzi huo hauonekani katika namba ya hali kwa sekunde.